Boriti Zisizo na Alama

Mume wangu Gharibu ni mkata mikoko, na baba yake alikuwa mkata mikoko, nami nimelala na sauti ya shoka masikioni tangu siku niliyotolewa ndani nikiwa bibi arusi. Kwa hiyo mtu wa mjini asinifundishe habari ya boriti. Najua zinavyonuka zikiwa mbichi, najua zinavyolia zikikauka, na najua kwamba boriti njema ina alama ya mwenyewe kitakoni, imechongwa kwa shoka kabla haijatolewa horini, kwenye mkono wa bahari penye mikoko. Yetu sisi ni mikato miwili iliyosimama na mmoja wa mshazari. Kila kundi la wakataji pale kisiwani kwetu Kudhaa lina alama yake, na watoto wetu huzisoma hizo kabla hawajafika kwenye alifu na bee.

Nayasema haya mapema ili mjue kwa nini nilikasirika, maana wako watu mpaka leo husema Rukia alikasirika kwa sababu ni kawaida yake.

Miaka michache kabla ya Wazungu kupigana vita vyao vikubwa, binti yangu Arafa, kitinda mimba wangu, alinifuata horini kuokota chaza. Chaza wa kwetu hushika kwenye mizizi ya mikoko, na magamba yao ni makali kuliko wembe. Mtoto akateleza, yakamchana muundi. Nikamwosha kwa maji ya chumvi, nikambandika dawa, na baada ya siku chache kidonda kikafunga juu. Kumbe chini kilikuwa kinakula. Ramadhani ilipoingia mguu ulikuwa umevimba mpaka ngozi inang'aa, naye hakulia tena, na hilo la kutolia ndilo lililonitisha. Tukamtia mashuani tukampeleka Kismayo.

Kismayo palikuwa na nyumba ya wagonjwa ya serikali, chumba kimoja kirefu, na ndani mlijaa watu wazima: askari wenye homa, mabaharia wenye ndui. Watoto walilazwa nje barazani, chini ya makuti, kwani tabibu hakutaka wapumue pumzi moja na wenye ndui. Alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye mikono safi. Alikifungua kidonda cha mwanangu akakiosha bila kukunja uso, na mimi mamake nilikuwa nimegeukia ukuta.

"Kimefika mfupani," aliniambia. "Kikioshwa kila siku, mahali pakavu, kwa miezi, mguu utapona. Lakini masika yakianza baraza hili halikaliki, na ndani siwezi kuwaingiza. Nitalazimika kuwarudisha watoto kwao."

"Na huyu akirudi Kudhaa?"

Akavipanga vitambaa vyake kwanza. "Mguu utaondoka," alisema. "Au utaondoka naye."

Basi jambo lilikuwa hilo. Chumba kikavu kabla ya masika, au mwanangu hana mguu.

Si kwamba watu wa Kismayo hawakuwa na haya. Wafanyabiashara wa mjini walikwisha kukubaliana kuwajengea watoto chumba cha mawe ubavuni mwa nyumba ile. Mmoja alitoa kiwanja, mwingine mawe. Walikuwa hawana fedha za fundi na chokaa, na hawakuwa na miti ya dari. Gharibu alilisikia hilo barazani, akamshika Arafa kichwani, akapanda mashua kurudi Kudhaa. Alipofika hata nyumbani hakuingia. Alikwenda moja kwa moja kupiga baragumu la msaragambo, la kuwaita watu wote kwenye kazi ya pamoja.

Msaragambo kwetu hupigwa kisima kikifukika, au nyumba ya mjane ikianguka. Asiyekuja haulizwi, ila siku yake ikifika naye hupiga baragumu akasikilizwa na kuku. Safari hii walikuja wakataji wote, hata wale tuliokuwa hatusemezani nao. Wakakubaliana kwamba kila Ijumaa, siku wasiyomkatia tajiri, baada ya sala wataingia horini kukata za watoto. Pau na fito nyembamba zitauzwa kwa majahazi ya Waarabu pale Kismayo, na fedha zimwendee fundi. Boriti nene zitawekwa Kudhaa zikauke, maana boriti mbichi ukiipandishia mawe na chokaa hupinda kama mgongo wa mzee.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Wanaume wale walikuwa hawana kitu zaidi ya mashoka, na mashoka waliyatoa. Tope lilikuwa mpaka mapajani, mbu wa horini mnawajua, na jioni walirudi wakiimba kana kwamba wametoka arusini. Mimi nilikuwa Kismayo na mwanangu, lakini nilikuja Kudhaa mara moja kuchukua chakula na nguo, na siku hiyo ndipo nilipoziona zile boriti zimepangwa, zimenyooka, zimeambuliwa maganda, safi kabisa. Nikainama kutazama vitako vyake. Hapakuwa na alama hata moja.

Nikauliza ni upuuzi wa nani. Wakanionyesha Mwalimu Sheikhan, anayesomesha watoto wetu Kurani, mtu ambaye hajawahi kumpandishia mtu sauti, na mimi huona taabu kugombana na watu wa namna hiyo.

"Ni sadaka, mamake Arafa," alisema kwa lugha yetu ya visiwani, ambamo mtu ni mchu na kujua ni kuyua. "Mkono wa kulia ukichoa, wa kushoto usiyue. Mchu akitia alama yake, amejisifu."

"Mwalimu, Mungu ayua ni za nani," nikamwambia. "Ufuko hauyui."

Wakacheka. Gharibu naye akacheka, na hapo ndipo moto uliponiwaka. Kwani sheria ya ufuko kila mtu wa visiwani aijua. Chenye alama ni cha mwenyewe hata kikae mwaka. Kisicho na alama, kikikaa mchangani juu ya kikomo cha maji makuu mpaka bamvua la mwezi mpevu au mwandamo likaja likaondoka na mwenyewe hakutokea, ni riziki ya aliyekiona. Ndivyo tulivyo tangu mababu, na ndivyo tusivyoibiana. Mwalimu akasema boriti hizi hazitalala ufukoni, zitatoka dauni ziingie ukutani. Mimi nikachukua kapu langu nikaondoka.

Pau ziliuzwa vizuri. Fundi akaanza, na kila asubuhi Arafa alikaa kitako barazani kutazama kuta zikipanda, akimwambia mtoto wa jirani yake ni jiwe lipi litakuwa upande wa kichwa chake. Kidonda kilikuwa kimeanza kutoa nyama nyekundu, nyama nzuri. Tabibu alinionyesha, na siku hiyo nilitazama.

Boriti zilipakiwa katika dau la Hamidi wa kisiwa cha Ngumi, nahodha mzuri asiyetaka ujira. Walipofika karibu na kisiwa cha Fuma dau likagusa mwamba, ubao ukafunguka. Maji yakaingia kuliko walivyoweza kuyakumba. Wakalipeleka ufukoni, upande wa kusini ambako hakai mtu, wakashusha boriti zote wakazipanga vizuri juu ya maji makuu, kisha wakakimbilia Kismayo na dau jepesi, watu wote wakikumba maji. Hamidi alikuja kunieleza mwenyewe. Alisema dau likikalafatiwa, nyufa zake zikizibwa kwa pamba, atazirudia, hazina miguu, hazitakwenda popote.

Nikamwuliza kama amewaarifu watu wa Fuma. Akasema kijiji kiko upande wa pili, na wao walikuwa wanazama. Sikumlaumu. Nilihesabu mwezi tu, nikaona bamvua linakuja.

Kulikalafatia dau kulichukua muda kuliko alivyodhani, pamba ikakosekana, fundi akaugua. Aliporudi Fuma alikuta mchanga mtupu. Akaja tena kwangu barazani, akasimama mbele ya Arafa. Nyuma yake mawingu ya masika yalikuwa yamekwisha kuanza kukaa juu ya bahari.

"Kata nyingine," nikamwambia Gharibu, aliyekuwa amekuja kututazama, ingawa nilijua jibu.

"Zitakuwa mbichi," alisema. "Mamake Arafa, zikikauka, masika yamekwisha."

Nilimwachia Arafa mama mmoja wa Kisomali aliyekuwa akimwuguza mwanawe kitanda cha pili, tukapanda dau la Hamidi kwenda Fuma. Njia nzima nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Nilikuwa nayo mengi na yote makali.

Mkubwa wa Fuma alikuwa Mzee Idarus, mrefu, macho yameanza ukungu. Alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka, akasikiliza mpaka Gharibu akamaliza. Kisha akainuka bila neno akatuongoza mpaka msikitini. Dari lao lilikuwa limeanguka mwaka uliopita, walikuwa wakisali chini ya tanga. Sasa nilitazama kupitia mlangoni nikaziona juu, zimelala moja baada ya moja, safi, zimenyooka. Ningezijua popote. Mawe na chokaa vilikuwa vimekwisha kupandishwa.

"Chumengoya, wanangu," alisema Mzee Idarus. "Kila boriti chumeipindua chuione alama. Hapana. Bamvua likaya, likenda, na hapana mchu aliyekuya kuuliza. Chukasema, huyu ni Mola, ameiona nyumba yake."

Na hakuwa mwongo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ningempata mwizi ningejua la kufanya naye. Huyu alikuwa amefuata sheria yetu wenyewe mpaka mwisho, na sisi ndio tulioivunja kwa uchaji wetu.

Hata hivyo ulimi hauna mfupa. "Mzee," nikasema, na watu walikuwa wamekwisha kukusanyika, "mmemwezekea Mungu kwa dari la wana wagonjwa. Mwanangu analala nje ili nyinyi msujudu kivulini. Salini basi. Na mkisali mwombeeni mguu wake, maana mmeulalia."

Mzee Idarus akafumba macho. Gharibu akanishika mkono, akaniambia polepole, "Mamake Arafa, basi. Kilichoingia msikitini kimekwisha." Na mimi nikajua kwamba kimekwisha, maana hata ningekuwa na nguvu za kuzing'oa kwa meno, nisingeng'oa boriti msikitini. Nikakaa chini mchangani, mbele za wanaume wote wale, nikalia. Sikujali.

Akaja mwanamke mmoja akanisimamisha. Jina lake lilikuwa Mwanalima, mwembamba, kijana kuliko mimi, mikono ina unga. Alikuwa akitwanga ng'ambo ya njia na alikuwa amesikia yote. Alinipeleka kwake, akanipa maji, akanitilia wali na samaki, na sikuweza kula.

"Ni mwana mke?" aliniuliza.

"Mwana mke. Arafa."

"Ayua kusema?"

"Hanyamazi," nikasema, na kwa mara ya kwanza siku ile nikataka kucheka.

Akatazama juu darini. Kisha akasema kama mtu anayesimulia habari ya jirani, "Wangu alikuwa hayajua kusema. Homa. Amefia mashuani, Kismayo yaonekana, upepo hapana." Akainuka akaondoa sahani. Alinitandikia kitanda nikalala.

Asubuhi niliamshwa na vumbi. Lilikuwa likiniangukia usoni, na juu yangu palikuwa na mgongano wa mbao. Nikatoka mbio nikidhani nyumba inaanguka. Mwanalima alikuwa amesimama uani na kilemba cha kanga, mume wake Mbwana yuko darini na patasi, na boriti mbili zilikuwa zimekwisha kuteremshwa, nyeusi tititi kwa moshi wa miaka.

"Mwafanya nini?" nikamwuliza.

"Hizi ni kavu," alisema Mwanalima. "Zimekauka hata zimechoka kukauka. Mwenye dari zima ana nini cha kuweka iyu yake? Mahindi yangu yachawekwa chini."

Nikamwambia siwezi kuchukua nyumba ya mtu. Akanitazama kwa mara ya kwanza kwa ukali, na nikaona kwamba naye ana ulimi, ila hautoi ovyo kama mimi.

"Hukuombwa ruhusa," alisema.

Sauti za patasi zilikuwa zimeanza nyumba ya pili, kisha ya tatu. Hapakupigwa baragumu wala hapakuitwa mkutano. Mzee Idarus mwenyewe aling'oa za baraza lake, akawa akikaa juani tangu siku hiyo. Nyumba moja ilitoa moja, nyingine mbili, mjane mmoja akatoa mhimili wa kibanda cha mbuzi akaniapia kwamba mbuzi hawajali. Mchana boriti zilikuwa zimelala ufukoni, nyeusi, kongwe, zina matundu ya misumari ya miti, na hakuna hata moja isiyokuwa na alama. Alama za watu ambao wengine walikwisha kufa zamani. Mwalimu Sheikhan angezisoma zote kwa sauti na asingepata aliyejisifu.

Katika zile mbili za Mwanalima, moja ilikuwa na mfuo katikati, umezunguka mti mzima, laini kama umepakwa mafuta. Nikaupitisha kidole. Mimi nimelea, naujua mfuo huo. Ni kamba ya bembea ya mtoto, inayokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka mti wenyewe ukakubali. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa akipakia pamoja na wengine, ameupa mgongo mti huo, nami sikumwita.

Fundi wa Kismayo alinung'unika kwamba hajapata kuona boriti chafu namna ile, kisha akazipandisha. Mvua ya kwanza ilinyesha chokaa haijakauka vizuri, tukafunika matanga, tukaomba Mungu, ikashika. Watoto wakaingizwa ndani. Palinuka moshi wa majiko ya watu, moshi wa samaki na kuni, na tabibu alisema hajui kama ni vyema kwa wagonjwa. Watoto walilala usingizi siku ile kama waliorudishwa kwao.

Kitanda cha Arafa kikawa chini ya ile yenye mfuo. Sikukichagua mimi. Alilala chali miezi mingine mitatu na kulisoma dari lote, alama kwa alama, akawafundisha na watoto wa Kisomali. Siku moja akaniuliza, "Mama, hii ya katikati ni alama ya nani? Mbona imezunguka?"

Nikamwambia ni ya mtu wa Fuma, nitampeleka kumwona siku atakayoweza kutembea mwenyewe.

Aliweza. Si vizuri sana, anachechemea mpaka leo, na kwenye muundi ana kovu la kuingia kidole. Lakini mguu ni wake. Masika yaliyofuata yalipokaribia, Gharibu alikuwa na boriti moja aliyoiteua mwenyewe horini, akaikausha mwaka mzima kivulini, akawa akiigeuza kila siku kama mgonjwa. Akalichukua shoka, akanitazama.

"Niichie alama?" aliniuliza, naye anajicheka ndevuni. "Wewe ndiwe mwenye neno la alama."

Nikafikiri. Kisha nikamwambia, "Usiitie."

"Ufuko hauyui," akanikumbusha.

"Haitaguswa na ufuko. Ichukue begani."

Tuliishusha Fuma upande wa kijijini. Gharibu alishika shina, mimi katikati, na Arafa akakataa kabisa kubaki mashuani, akashika ncha. Njia ile ni mchanga mzito, na tulikwenda kwa mwendo wake yeye. Hakuna aliyemharakisha. Watu walitoka milangoni wakatazama, na Mzee Idarus, aliyekuwa bado hana baraza, akauliza ni nani, akaambiwa, akainuka.

Mwanalima alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliiona boriti kwanza. Akainama, kama mtu yeyote wa visiwani angefanya, akaukagua mwisho wa shina.

"Hii ya nani?" alisema. "Mbona haina alama?"

"Inayo," nikamwambia. "Iko huku nyuma, inakuja polepole."

Akanyanyua kichwa. Arafa alikuwa bado anavuta ule mguu katika mchanga, ameishika ncha kwa mikono miwili, jasho linamtoka, na kama kawaida yake alikuwa anasema. Mwanalima aliuweka ungo chini. Hakumpokea mzigo. Alipiga magoti pale pale njiani, akaishika ile kanzu ya mtoto akaipandisha kidogo, akaliweka kovu katika kiganja chake, na akakaa hivyo muda mrefu huku Arafa akimweleza habari ya dari.